Tusisubiri mapafu yachoke ndipo tuyapime

MWENYE presha hufungwa mkono akapimwa. Mwenye kisukari hutobolewa kidole. Kwa mapafu hatuna desturi hiyo. Anayekohoa kila asubuhi huambiwa ni baridi, anayehema akipanda mlima huambiwa ni umri, na siku atakayopimwa kweli huwa ni siku ambayo hawezi tena kufika chooni bila kupumzika njiani. Wakati huo sehemu kubwa ya mapafu yake imeshaharibika, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Tunazungumzia ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD. Si pumu, ingawa wengi wanaougua huambiwa wana pumu. Si kifua kikuu, ingawa wengi hupimwa makohozi mara tatu na nne kabla mtu hajafikiria jambo jingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne kwa kuua duniani. Kati ya wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani wako katika nchi kama yetu.

Kwa muda mrefu utafiti wa ugonjwa huu ulihusu wazee ambao tayari walikuwa wanahema. Miaka ya karibuni wanasayansi wamegeuza swali. Badala ya kuuliza mgonjwa atasaidiwaje, wanauliza ugonjwa ulianza lini, ulianzia wapi, na nani angeweza kuuona. Safu hii inaunga mkono swali hilo. Inasema pia kwamba jinsi linavyoulizwa sasa, linamwacha nje mtu anayetuhusu zaidi.

Eneo la kimya

Njia za hewa zimekaa kama mti uliopinduliwa. Koo ni shina, linagawanyika kuwa matawi mawili, kisha matawi madogo, kisha vijitawi vyembamba visivyofika upana wa milimita 2, na mwisho wake vipo vifuko vidogo ambamo damu hupokea hewa safi. Vijitawi hivyo ni vingi mno, kiasi kwamba vikipotea elfu kadhaa, vilivyobaki hubeba mzigo bila mwenye mapafu kuhisi lolote. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Jere Mead, alilipa eneo hili jina la eneo la kimya la mapafu.

Huko kwenye ukimya ndiko ugonjwa huanzia. Watafiti wa Vancouver, Canada, walipochunguza vipande vya mapafu kwa mashine za picha zenye uwezo mkubwa na kuchapisha matokeo mwaka 2018, walikuta kwamba watu walio katika hatua za mwanzo, ambao madaktari wangesema ugonjwa wao ni mwepesi au wa kati, walikuwa wamekwisha kupoteza vijitawi vya mwisho kwa asilimia 40 wakilinganishwa na wavutaji sigara ambao kipimo chao kilikuwa bado kizuri. Asilimia 40, na bado tunauita mwepesi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ugonjwa huu mvua inanyesha miaka mingi kabla ya wingu la kwanza kuonekana.

Huanzia utotoni

Jambo la pili lililobadilika ni umri. Picha iliyotawala vitabu vya udaktari ilitokana na kazi ya Charles Fletcher na Richard Peto, ambao waliwafuatilia kwa miaka minane wanaume karibu 800 wafanyakazi wa London na kuchapisha hitimisho lao mwaka 1977. Walionyesha kwamba kila mtu mzima hupoteza uwezo wa mapafu kidogo kidogo, lakini baadhi ya wavutaji hupoteza kwa kasi kubwa. Walionyesha pia kwamba anayeacha sigara hawezi kurudishiwa alichopoteza, ila kasi ya kupoteza hupungua. Somo hilo bado ni la kweli.

Ila halikuwa somo zima. Mwaka 2015 Peter Lange wa Copenhagen na wenzake waliunganisha kumbukumbu za watu waliopimwa mapafu kwa miaka mingi Denmark na Marekani. Waligundua kwamba karibu nusu ya waliopata COPD hawakuwa wamepoteza kwa kasi yoyote ya ajabu. Walizeeka kama watu wengine. Tatizo lao ni kwamba walipofika utu uzima, mapafu yao yalikuwa madogo tangu mwanzo. Kati ya waliokuwa na kiwango cha chini kabla ya miaka 40, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa miaka 22 baadaye. Kati ya waliokuwa na kiwango cha kawaida, ni asilimia 7 tu.

Mapafu hukua tangu tumboni hadi kati ya miaka 20 na 25, kisha huanza kushuka polepole. Ni kama akiba. Mtu aliyeweka kidogo ujanani atafilisika mapema hata kama matumizi yake ni ya kawaida. Katika kisiwa cha Tasmania, Australia, watoto waliozaliwa mwaka 1961 walianza kupimwa mapafu wakiwa na miaka saba na wakafuatiliwa hadi miaka 53. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba robo tatu ya COPD iliyokutwa kati yao ilitoka katika makundi matatu tu ya ukuaji mbaya wa mapafu, na yaliyowapeleka huko ni pamoja na pumu, nimonia na mkamba wa utotoni, na mama waliovuta sigara.

Na moshi wa jikoni? Nchini Ghana watafiti walipima hewa ya sumu iliyowafikia wajawazito wanaopikia kuni, kisha wakapima mapafu ya watoto wao wakiwa na siku 30 tu duniani. Mama aliyevuta hewa hiyo zaidi alizaa mtoto mwenye mapafu yenye dalili mbaya zaidi. Mtoto wa mwezi mmoja hajawahi kushika sigara wala hajawahi kuchochea moto. Akiba yake imeanza kuchotwa akiwa tumboni.

Nani anahesabiwa

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Mwaka 2018 jopo la wataalamu lilipendekeza vigezo vya kumtambua mtu mwenye COPD ya mapema ili awekwe kwenye tafiti. Awe chini ya miaka 50, awe na kasoro fulani za mapafu, na awe amevuta sigara kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 10 au zaidi. Huko Uingereza, mtandao wa watafiti wa ugonjwa huu katika hatua za mwanzo uliandikisha wavutaji sigara wa miaka 30 hadi 45. Kwa nchi zao hilo lina mantiki, kwa sababu WHO inasema katika nchi tajiri tumbaku inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu. Lakini shirika hilo hilo linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati tumbaku inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa visababishi vikubwa.

Chukua mama lishe aliyeanza kupuliza kuni akiwa na miaka minane akimsaidia bibi yake, na leo ana miaka 38. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Kwa vigezo hivyo hawezi kuwa na COPD ya mapema. Atakuwa na COPD siku akizidiwa.

Si kwamba watu hawa ni wachache. Katika wilaya ya Masindi, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watu 588 wenye miaka 30 na zaidi, na asilimia 16.2 walikutwa na ugonjwa. Wanawake walikuwa sawa na wanaume, bali walizidi kidogo. La kushtua zaidi, karibu wanne kati ya kila kumi waliokutwa nao walikuwa na umri wa miaka 30 hadi 39. Kwetu Tanzania, utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watu wa miaka 35 na zaidi na kukuta asilimia 17.5 wana dalili za njia za hewa kuziba. Karibu wote hawakuwahi kuambiwa hivyo na daktari.

Ongeza waliopona kifua kikuu. Dawa huua vimelea, lakini makovu hubaki, na makovu hayo huziba njia za hewa. Siku makohozi yanapotoka safi, mgonjwa hupongezwa na jalada lake hufungwa. Hakuna anayempima anapumua kiasi gani. Ongeza wachimbaji wadogo wanaomeza vumbi la mawe, wale wa Mirerani ambao Hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikiwapokea kwa miaka. Ongeza wachoma mkaa, na wapasuaji kokoto. Hawa wote ni mapema yetu, na hawamo.

Mwaka 2023 mpango wa kimataifa wa kupambana na COPD, unaojulikana kama GOLD, ulipanua maelezo yake na kuorodhesha vyanzo vingine waziwazi: ukuaji mbaya wa mapafu, moshi wa kuni, maambukizi, pumu. Ni hatua nzuri. Lakini maelezo mapya kwenye kitabu hayatoi takwimu mpya. Takwimu hutoka kwa watu waliopimwa, na watu wetu hawajapimwa.

Kupima kuna faida gani?

Kuna hoja ya upande wa pili na inastahili kujibiwa. Kikosi kazi cha Marekani kinachoshauri kuhusu vipimo vya kinga kilisema mwaka 2016, kikarudia mwaka 2022, kwamba haishauriwi kuwapima COPD watu wazima wasio na dalili yoyote, kwa sababu haijaonekana kuwasaidia. Kwa nini basi tuhangaike na hatua za mwanzo?

Kwanza, wasio na dalili si sawa na wenye dalili wasiosikilizwa. Nchini Canada watafiti waliwapigia simu maelfu ya watu kuwauliza kama wana matatizo ya kupumua, wakawapima waliosema ndiyo, na wakakuta mamia wenye COPD au pumu wasiojua. Nusu yao walipelekwa kwa wataalamu wa mapafu, nusu wakaachiwa huduma ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba waliopelekwa kwa wataalamu walihitaji kukimbilia matibabu kwa sababu ya kifua kwa takriban nusu ya wenzao.

Pili, kipimo ndicho kinachotenganisha anayehitaji dawa na asiyeihitaji. Huko China watu 841 wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo uliothibitishwa walipewa dawa ya kuvuta au dawa bandia kwa miaka miwili, na mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba waliopata dawa walipumua vizuri zaidi. Lakini Marekani, mwaka 2022, wavutaji waliokuwa na kikohozi na kuhema huku kipimo chao kikiwa cha kawaida walipewa dawa za kutanua njia za hewa kwa wiki 12 na hazikuwasaidia kuliko dawa bandia. Watu wawili wanakohoa sawasawa: mmoja inhela itamfaa, mwingine atapoteza fedha. Sikio la daktari peke yake haliwezi kuwatofautisha. Eksirei ya kifua nayo mara nyingi hutoka safi katika hatua za mwanzo.

Tatu, hata pasipo dawa, lipo la kufanya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuata wavutaji 5,887 wenye ugonjwa mwepesi. Walioacha sigara kabisa walipoteza uwezo wa mapafu kwa takriban nusu ya kasi ya walioendelea kuvuta. Anayejua mapema anapata nafasi ya kuondoa chanzo. Anayejua akiwa hoi hana cha kuokoa.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kinaitwa spirometa, na daktari wa London John Hutchinson alikitangaza mwaka 1846. Mgonjwa huvuta pumzi yote, hufunga midomo kwenye mrija na kupuliza kwa nguvu kwa takriban sekunde sita. Mashine huangalia ni kiasi gani cha hewa kilitoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote, hata baada ya kupewa dawa ya kutanua, njia zimeziba. Hakitobolewi mtu, wala hailazwi usiku. Kifaa hiki kina umri wa zaidi ya miaka 175, na bado zahanati zetu nyingi na hata vituo vya afya havina.

Mtungi wa gesi peke yake

Serikali imeonyesha nia upande wa jiko. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tunaupongeza, na tunaomba usomwe pamoja na ushahidi.

Katika nchi nne, mojawapo Rwanda, familia 3,200 zenye wajawazito ziligawanywa. Nusu zikapewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Moshi jikoni ulipungua sana. Hata hivyo uzito wa watoto kuzaliwa haukuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika, wala nimonia kali haikupungua. Kwa upande mwingine, katika wilaya ya Xuanwei, China, familia zilizohama kutoka jiko la wazi la makaa ya mawe kwenda jiko lenye bomba la kutolea moshi zilipata COPD kidogo zaidi, wanaume na wanawake, lakini nafuu hiyo ilionekana wazi baada ya takriban miaka 10.

Mafunzo ni mawili. Nishati safi inahitaji muda mrefu kulipa, hivyo kuihukumu kwa mwaka mmoja ni kuionea. Na moshi hauna mlango mmoja: ukizima jikoni kwako unaingia kutoka kwa jirani, barabarani, na kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Kugawa mitungi mbele ya kamera halafu mama akashindwa kununua gesi mwezi wa pili si mkakati wa mapafu. Na kama hatupimi mapafu sasa, mwaka 2034 tutajuaje kama yamepona?

Tunachotaka

Tunataka mambo manne, na hakuna hata moja linaloshinda uwezo wetu. La kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na spirometa inayofanya kazi na mtu aliyefundishwa kuitumia, kwa sababu kipimo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kipimo. La pili, kila anayemaliza dawa za kifua kikuu apimwe kupumua kabla jalada halijafungwa. La tatu, vyuo vyetu vya tiba na taasisi za utafiti zianzishe ufuatiliaji wa muda mrefu wa watoto na vijana, kuanzia kliniki ya wajawazito, na wafadhili waache kuweka sigara kuwa tiketi pekee ya kuingia kwenye utafiti. La nne, mhudumu wa zahanati afundishwe swali moja zaidi. Baada ya kuuliza "unavuta sigara?", aulize "unapikia nini, na tangu lini?"

Kwako msomaji, ushauri ni mfupi. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu kwanza. Kikitoka hakipo, usikubali mambo yaishie kwenye dozi nyingine ya antibiotiki. Ukitoa makohozi miezi mingi ya mwaka, ukibaki nyuma ya wenzako wa rika lako mnapotembea, au kama uliwahi kuugua kifua kikuu, umefanya kazi kwenye vumbi au umepikia kuni miaka mingi, omba rufaa ukapimwe kwa kupuliza. Usinunue inhela dukani kwa kuazima cheti cha jirani. Pikia nje au mahali penye madirisha mawili yanayopishana upepo, tumia kuni zilizokauka, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa umeinamia moto. Anayevuta sigara aache leo, si mwakani, na kama ana mjamzito ndani ya nyumba aache jana.

Ugonjwa huu una subira kuliko sisi. Hutumia miaka 20 au 30 kujenga, bila kelele, kwa mtu anayeendelea kulima, kupika na kubeba maji. Muda huo wote unaweza kuonekana kwa pumzi moja ya sekunde sita. Tukiendelea kungoja hadi mgonjwa aje mwenyewe akiwa amebebwa, tusiseme ugonjwa ulitujia ghafla.